Mizari Nyuma ya Jeneza

Ngano inakuja, wanangu, ipokeeni.

Hapo kale Bi Rukia alifiwa na mumewe, na wanaume wote wa mji walikuwa vitani. Wakaja wageni wanne kulibeba jeneza. Mizari, binti wa marehemu, akalifuata huku bintiye mchanga, Suha, yumo mgongoni kwenye mbeleko.

"Mizari! Wanawake hatufuati jeneza!"

"Mama, baba aende peke yake na watu tusiowajua?"

Hapo Bi Rukia akaona miguu ya wale wageni ina kwato. Walikuwa majini, na jeneza lilikuwa linapaa, Mizari akipaa nyuma yake.

"Rudi, mwanangu!" Mizari alikuwa juu ya minazi.

"Rudi, mwanangu!" Alikuwa juu ya mawingu.

Mara ya tatu Bi Rukia akalia, "Basi niachie mtoto!"

"Amelala, mama. Nisimwamshe."

Jeneza likawa nyota nne, na Mizari na Suha wakawa nyota nyuma yake. Waarabu huziita Banati Naashi, mabinti wa jeneza. Bi Rukia alimwona Mizari, lakini Suha alikuwa mdogo mno kwa macho yake. Akamuuliza jirani, "Mtoto yupo?"

"Yupo, dada. Kamng'ang'ania mamake."

"Alhamdulillahi," akasema, akaingia ndani kuswali.

Ngano imekoma hapo. Tuwaombee waliotangulia.