Karatasi ya Yasini ya Siku ya Mia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeapa kwa kalamu na kwa yale wayaandikayo waandishi, naanza. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, ambaye mwenyewe hakushika kalamu, ilhali umma wake haujaiweka chini hadi leo. Waliotutangulia walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu chenye ubora hakihitaji mpiga debe. Ubora wake humwita mnunuzi na kumshika mkono hadi mlangoni. Kilicho duni hakina budi kupita mitaani kikijisifu, kwa maana kikinyamaza hapana atakayekiulizia.

Waliomo katika kisa hiki ni watano, na adabu yataka niwataje kwa daraja zao; kwetu Pak ni bwana, Bu ni mama, na Mas ni kaka kwa kijana. Wa kwanza ni marehemu Pak Zubaidi, aliyewasomesha Kurani watoto wa mtaa wetu hapa mjini Kudus kwa miaka thelathini na minane, katika msikiti mdogo ulio kando ya mfereji. Wa pili ni mjane wake, Bu Musyarofah, mwanamke mtulivu kama maji ya mtungini, lakini akishaamua jambo huwa mwamba. Wa tatu ni nduguye marehemu, Pak Tasrip, mwenye moyo mweupe na ulimi usiojua likizo. Wa nne ni Mas Yoyok, kijana mwenye duka la uchapaji penye njia kuu. Wa tano nitamtaja atakapofika, kwa kuwa yeye mwenyewe hana desturi ya kujitanguliza.

Kwetu, maiti akitimiza siku mia, jamaa na majirani hukusanyika kumsomea Yasini, na kila msomaji hurudi nyumbani na mfuko wa chakula pamoja na kijitabu cha sura hiyo chenye jina la marehemu. Siku hiyo haisogezwi mbele wala nyuma. Pak Zubaidi alikuwa ameacha Yasini aliyoiandika kwa mkono wake katika Ramadhani moja, herufi nyembamba zilizonyooka kama safu ya wanaosali. Mjane akaazimia kwamba vijitabu vya mumewe, mia na hamsini, vichapwe kutokana na hati hiyo hiyo, ili wale waliofundishwa na mkono ule wausome tena mkono ule. Hilo ndilo deni pekee la mapenzi aliloona limembakia.

"Shemeji, hebu tazama hii," alisema Pak Tasrip siku moja, akimwekea mapajani karatasi nene iliyometameta kama ndani ya kombe la chaza. "Ya Mas Yoyok. Anasema watu wakubwa wote wanachapishia hii kadi za harusi."

"Kwani sisi tuna harusi?"

"Hatuna, lakini kaka yangu si mtu wa karatasi za mtihani! Unataka watu waseme tumemzika kwa sanda yenye viraka?"

Wakati huohuo pikipiki ya Mas Yoyok ilikuwa ikipita mtaani na kipaza sauti chake. "Karatasi ya lulu! Kazi ya leo, leo! Ukiona cha jirani, utalia na chako!" Sauti ile iliingia madirishani asubuhi na jioni, hata ikawa kama adhana isiyo na msikiti. Bu Musyarofah akapiga moyo konde, akaitoa hati ya mumewe.

Vijitabu vilifika Jumapili, siku nne kabla ya kisomo, na kwa kweli vilipendeza. Kurasa zilimeta kama umande, na nyuma ya kila jalada jina la duka lilitanda kubwa kuliko jina la marehemu. Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, mjane alifungua kimoja ili amsomee mumewe. Alipofika ukurasa wa pili aliona kidole gumba chake kimekuwa cheusi kama cha mtu aliyesugua sufuria. Akafungua katikati, penye mkunjo. Mstari mzima ulikuwa umebanduka, na unga wake umelala juu ya mkeka.

Maneno ya Mola yalikuwa chini, mahali pa kukanyagwa na nyayo, tena kwa hati ya mtu aliyetumia umri wake kuyainua. Alilowesha kitambaa cheupe, akapiga magoti, akaokota vumbi lile punje kwa punje huku machozi yakimtiririka.

Mas Yoyok alipoitwa, alikuja mbio, wala hakukosa dawa. "Bu, msiwe na wasiwasi. Tunapuliza ile dawa ya kushikiza nywele za maharusi. Herufi zinaganda palepale, hazibanduki hata kwa kisu."

"Yasini ya mume wangu haiendi saluni, mwanangu," alijibu mjane.

"Basi tuvigawe hivihivi," alidakia Pak Tasrip, "tuwaambie watu wasivishike sana."

"Kitabu cha kusomwa, kisishikwe? Shemeji, wewe kanywe chai."

Baada ya kusema hayo alijitanda mtandio, akaenda kwenye msikiti mdogo. Pale rafuni viliwekwa vijitabu vya Yasini vya maiti wa miaka mingi. Akavishusha kimoja kimoja na kukipitishia kidole gumba. Kimoja herufi zilikuwa zimechakaa. Kingine kurasa zilikuwa zimekunjamana kama majani ya tumbaku. Kisha akashika kimoja cha miaka saba iliyopita. Pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kupita mikononi, lakini hapakuwa na nukta iliyohama mahali pake. Akakigeuza nyuma atazame jina la duka. Palikuwa peupe.

Jina la marehemu wa kijitabu kile lilikuwa la mama yake muuza supu wa sokoni. Mjane alimfuata huko huko, penye mvuke wa masufuria.

"Nani alikuchapia hiki?"

"Hicho? Bu Wagirah, kwenye kichochoro cha nyuma ya ghala la tumbaku," alisema yule muuza supu bila kuuacha upawa. "Hana kibao mlangoni. Ukisikia mashine inahema, basi ndiyo hapo."

Huyo ndiye wa tano wetu. Bu Wagirah alisokota sigara kwa mkono kiwandani kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo vidole vyake viliihifadhi karatasi kama mwanafunzi anavyohifadhi aya. Macho yalipoanza kuchoka, aliacha kazi ile, akanunua printa moja ya leza, akaiweka sebuleni. Mjane alimfikia adhuhuri hiyo, na Pak Tasrip nyuma yake, kwa kuwa chai haikumkalisha.

Bu Wagirah alipoonyeshwa kijitabu hakukipokea mara moja. Alikwenda kutawadha kwanza, ndipo akakishika kwa mikono miwili, akapitisha ukucha pembeni ya ukurasa pasipo maandishi, akatikisa kichwa.

"Mkosaji nani hapa?" aliuliza Pak Tasrip. "Mashine au yule kijana?"

"Hakuna mkosaji, Pak. Hii ni ndoa isiyofaa tu. Karatasi ni nzuri, tena nzuri kweli, ila mume wake ni wino wa majimaji. Printa ya leza haina majimaji; ina unga. Unga unayeyushwa kwa moto, unakandamizwa, unashikana na nyuzi za karatasi. Sasa hii imepakwa cha kumetameta, nyuzi zimefunikwa. Unga utashika wapi? Unakaa juujuu kama masizi. Tena ni nene mno, inapita kwenye moto haijapata hata vuguvugu."

"Basi tuchukue ile ya kuchapia picha, inayong'aa kama kioo."

"Hiyo ndiyo balaa lenyewe! Nyingi zimepakwa kitu kama plastiki. Ikifika kwenye moto inayeyuka, inanata humo ndani, mashine inakufa. Na mimi nitakufa nayo kwa uchungu; siku yangu ya mia mtanisomea kwenye nini?"

Hata mjane, ambaye hakuwa amecheka tangu alfajiri, alitabasamu.

Bu Wagirah alifungua kabati la mbao lenye taa ndogo ndani, iliyowaka mchana kutwa kufukuza unyevu wa msimu wa mvua. Akatoa karatasi moja, akaitikisa karibu na sikio. Ilitoa sauti nzito, ya uvivu. "Hii imekunywa maji," alisema. "Ikiona moto itajikunja kama pweza." Akatoa ya pili, yenye mikwaruzo ya urembo. "Hii ina vilima na mabonde. Unga utapanda vilimani, mabondeni herufi zitakatika." Ya tatu ilitoka katika bunda lililokuwa bado limefungwa: nyeupe isiyong'aa, laini pasipo utelezi, ya gramu themanini kwa mita ya mraba. Aliitikisa, ikalia kavu kama jani la mgomba wakati wa kiangazi. Akaichana ukanda mmoja kwa urefu na mwingine kwa upana, akilinganisha mpasuko ulionyooka na ule uliokwenda upogo. "Nyuzi zinalala huku. Tutaikata ili zilale sambamba na mkunjo. Kijitabu kitafunguka bila kuvunjika mgongo. Hii ndiyo yenyewe. Lakini bunda hili ni moja tu, na mengine yameingia leo asubuhi na mvua. Yana baridi. Tuyaache humu ndani yapumzike hadi Jumatano."

"Yapumzike?" Pak Tasrip aliruka. "Kwani yametoka kulima?"

"Yametoka safarini. Wewe ukishuka safari unaingia moja kwa moja kusalisha watu, na matope yako?"

"Lakini kisomo ni Alhamisi, mama! Jumatano yakikataa je?"

"Yakikataa, nitakwambia yamekataa. Sitakuchapia kitu cha kukuridhisha macho."

Pak Tasrip alimgeukia mjane. Ilikuwa ni kusubiri na pengine kukosa, au kurudi penye njia kuu na kupata kitu siku hiyohiyo, hata kama ni kibovu. Wageni mia na hamsini walikwisha kualikwa. Bu Musyarofah aliitoa hati ya mumewe mtandioni, akaiweka mbele ya Bu Wagirah.

"Mume wangu hakumvusha mtoto kwenda sura ya pili kabla ile ya kwanza haijakaa kifuani," alisema. "Acheni yapumzike."

Siku mbili zile zilikwenda kwa mwendo wa kobe. Jumatano asubuhi Bu Wagirah aliyatikisa mabunda moja baada ya jingine, kila karatasi ikalia kavu. Hata hivyo hakuanza na sura. Alichapa kwanza mistari mitupu, akaikunja karatasi mara mbili, akamkabidhi mjane.

"Kwangua."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeumia. Sikupi aya uikwangue, hiyo ni mistari tu. Kwangua kwa nguvu."

Mjane alikwangua kwa ukucha, akasugua kwa kidole chenye jasho, akafungua mkunjo na kuufunga tena na tena. Unga ulikuwa umekuwa kitu kimoja na karatasi, kama rangi na uzi. Ndipo kazi ikaanza. Kwa majalada, Bu Wagirah alichagua karatasi nene kiasi, isiyopakwa kitu, akaufungua mlango wa nyuma wa mashine ili zipite bila kupinda, akaamuru mashine iende polepole, na akazitia moja moja, sikio lake likiwa karibu kama la mganga anayesikiliza kifua. Ilipotoka Yasini ya kwanza, hati ya Pak Zubaidi ilisimama juu ya weupe ule, kila kituo mahali pake. Pak Tasrip aliitazama, akafungua kinywa, kisha, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya mtaa, akakifunga bila kusema neno.

Alhamisi baada ya alasiri ua ulijaa. Mvua ilikuwa imekatika, joto limepanda, na jasho lilitiririka hadi viganjani mwa watu. Wanafunzi wa Pak Zubaidi, wengine wao sasa wana mvi, waliitambua hati kabla hawajaifikia aya ya kwanza. Sauti zao zikapanda pamoja kama zamani, alipokuwa akiwaongoza kwa kijiti chake. Kisomo kilipokwisha, mjane alisimama mlangoni kuwagawia mifuko ya chakula. Hakuvitazama vijitabu. Alitazama vidole gumba vya kila aliyenyoosha mkono: vya seremala, vya mshonaji, vya wasokota sigara. Vyote vilikuwa safi. Alipofika wa mwisho aliinama, akasema kwa sauti ndogo, "Umefika salama, baba," na waliomsikia walijua anasema na mumewe.

Mas Yoyok naye alikuwapo, maana marehemu alimsomesha yeye pia. Alikigeuza kijitabu nyuma, akakuta peupe.

"Bu, nani kafanya hii kazi? Mbona hakujiandika?"

"Wewe umeuliza, sivyo?" mjane alijibu. "Basi alijiandika."

Asubuhi yake kijana yule aliiacha pikipiki na kipaza sauti chake, akaenda kwa miguu hadi kile kichochoro. Aliwakuta watu watatu wamekwisha kutangulia, kila mmoja ameshika Yasini ya jana, na hapana hata mmoja aliyetumwa.

"Umekuja kuchapisha au kujifunza?" aliuliza Bu Wagirah.

"Kujifunza, mama, kama hutanicheka."

"Nitakucheka kidogo. Ingia."

Akamwekea karatasi mbili mikononi, akamwambia afumbe macho na asikilize ni ipi iliyokunywa maji. Alikosea mara tano. Mara ya sita alipata, na yule mama, aliyekuwa mchache wa sifa, alisema, "Eh! Kumbe una masikio, mwanangu."

Vile vijitabu vya kumetameta vilifukiwa kwa heshima katika ardhi safi nyuma ya msikiti. Mola amrehemu mwenye kuandika, na amrehemu aliyeihifadhi hati yake. Nasi tuliobaki atupe vidole vya kutambua kilicho imara na subira ya kukingojea, na atujalie kazi zitakazotusemea siku ndimi zetu zitakapokuwa zimenyamaza. Kwa maana, jana, leo na kesho, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.