Kiwanja, Dhahabu na Macho ya Baba

Wapendwa, leo mnivumilie, maana nimechoka na sisi.

Kulikuwa na baba mmoja mjane, dereva wa treni mstaafu, mwenye watoto wawili, kaka na dada, wote na kazi zao nzuri mjini. Alipolipwa mafao aliwakabidhi wamtunzie. Akawaomba jambo moja tu: "Daktari kasema nina presha ya macho. Nisipofanyiwa upasuaji mapema nitapofuka."

"Usijali, baba."

Basi wakaanza. Kaka akasema, "Hela ya benki inayeyuka. Tununue kiwanja."

Dada akaguna. "Kiwanja? Leo chako, kesho wanatokea wenye hati watatu! Dhahabu unaifungia kabatini, ukikwama unauza."

"Na mwizi je?"

"Na mvamizi je?"

Mnacheka? Kwenu hamna vikao vya familia?

Baba, pale kitini, akasema, "Wanangu, jicho la kushoto sasa linaona ukungu tu."

"Subiri kidogo, baba. Tukishawekeza, faida ndiyo itakutibu."

Hebu niambieni, faida ya nini, wakati hela ya kumtibu ipo, na ni yake mwenyewe? Wakabishana masika yote, mpaka watu wakavuna. Mwishowe wakapatana: nusu kiwanja, nusu dhahabu. Wakamwendea mzee kwa shangwe, wakamwekea hati na mkufu mapajani.

"Tazama, baba! Mali yako iko salama!"

Mzee akapapasa karatasi. Akapapasa mkufu. Kisha akauliza taratibu, "Nani kati yenu aliyesimama karibu yangu?"

Dada, aliyekuwa msemaji sana, akapunga mkono mbele ya macho ya baba yake; hayakuufuata.

Na kiwanja kilipanda bei kweli. Dhahabu nayo ikapanda. Wote wawili walikuwa sahihi, na baba yao akapofuka.

Sina ugomvi na viwanja, wala na dhahabu. Nunueni! Lakini jamani, kila siku tunaulizana mali tuiweke wapi isiibiwe, isishuke thamani. Lini tumeulizana tunamwekea nani? Yupo mtu nyumbani kwako aliyekwisha kukuambia anaumwa wapi, nawe ukamwambia asubiri.

Leo ibada ikiisha, usinishike mkono pale mlangoni kunisifia mahubiri. Mimi sina haja nawe. Nenda kwa huyo uliyemwambia asubiri.