Tenga Lililonyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, imetoka nusu? Nani anaogopa? Hata mimi naogopa, na hadithi naijua. Sogeeni karibu. Mwenye kukohoa akohoe sasa. Leo nataka mnisaidie. Nikisema "majani", ninyi jibuni "chakara!" Tujaribu. Majani!

Chakara!

Vizuri. Basi, hapo zamani za kale, kuku walipokuwa wakisema na kujibiwa, palikuwa na banda la udongo nyuma ya jiko la Bi Mwanaheri. Ndani ya banda palikuwa na kichanja kifupi cha fito. Juu ya kichanja, matenga matatu ya kutagia. Bi Mwanaheri aliyatandika mwenyewe, hakumwachia mtu. Chini alimwaga majivu makavu ya jikoni, ya kufukuza utitiri. Juu ya majivu akaweka majani ya mwarobaini. Juu ya hayo akajaza majani ya mgomba, makavu, yaliyokunjamana, yakiguswa tu yanavunjika. Halafu akabonyeza katikati kwa ngumi, pakawa na kishimo cha kukaa kuku. Majani!

Chakara!

Humo bandani aliishi tembe mmoja jina lake Kishungi. Tembe ni kuku msichana, hajapata kutaga. Manyoya ya kichwani yalimwangukia jicho moja, kwa hiyo dunia aliiona nusu, na hiyo nusu ilimtisha. Kivuli kikipita, huyo mbio. Kifuniko cha sufuria kikianguka, huyo juu ya paa. Alipotaga yai lake la kwanza alilirukia mbali, akalitazama, akadhani kuna mtu kaliweka. Kisha akalirudia. Akaligusa kwa kifua. Lilikuwa la moto. Tangu hapo hakutaka kingine duniani ila kuyaona mayai yake yanaanguliwa.

Nje ya jiko alikaa Bibi Koo, kuku mkongwe, macho yamefifia, masikio mazima. Bibi Koo akamwita.

"Mjukuu wangu, umeanza kutaga?"

"Nimeanza, bibi."

"Taga humo humo tengani. Lakini ujue, hapa kuna mla mayai. Huja jua likiwa utosini. Nimewahi kukuta kiota kitupu, na mchangani alama ya mkia unaoburuzwa."

"Ana mkia?"

"Mrefu. Sasa sikiliza. Ndiyo maana yale matandiko..."

Aa! Kishungi yuko wapi? Alishakimbia. Neno mkia lilimtosha.

Akajitupa tengani. Akajigeuza. Chakara! Moyo ukamwenda pu, pu, pu. Akajigeuza upande wa pili. Chakara! Akajikunyata, akasikiliza. Mchana ulikuwa kimya, jua kali, hata nzi wamelala. Ndipo ikatoka sauti kwenye ufa wa ukuta wa nyuma. Sauti kavu, ya polepole.

"Hodi, binti."

"Na... nani?"

"Jirani."

"Jirani gani?"

"Wa nyuma ya ukuta. Usiinuke. Nakusikia unavyohangaika. Hata mtoni wanakusikia."

"Wananisikia?"

"Kelele zote hizo! Mla mayai si kiziwi, binti."

Kishungi akaganda. Maskini, hakuthubutu hata kumeza mate.

"Nifanyeje, mjomba?"

"Yatoe hayo makavu. Nitakuletea nyasi za mtoni. Laini, hazina neno."

Kishungi akayatoa kwa mdomo, moja moja, akayatupa nyuma ya kichanja. Nyasi zikaingia ufani. Shu. Shu. Shu. Zilikuwa na ubaridi na harufu ya tope, na harufu nyingine ambayo hakuijua. Akazitandaza. Akakaa. Akajigeuza.

Kimya.

"Umekaa vizuri, binti?"

"Vizuri mno, mjomba. Ahsante."

Majani!

Mbona mnajibu? Majani yametolewa. Nyamazeni. Hivyo hivyo. Sikilizeni kimya hicho, maana ndicho alichokuwa akikilalia.

Siku zikapita. Mayai yakafika sita. Kishungi akaanza kuyaatamia, mabawa kayatandaza, amefurahi, na hofu imempungua kidogo. Sauti ikaja.

"Yamefika mangapi, binti?"

"Sita, mjomba."

"Sita. Na wewe unakwenda kula saa ngapi?"

"Jua likiwa utosini. Nakimbia mara moja tu, narudi."

"Nenda ule, binti. Ukikonda mayai yatapoa."

Akaenda. Akadonoa pumba, akanywa maji, akarudi mbio. Akakaa. Chini ya kifua kulikuwa na kitu hakiko sawa. Akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akahesabu tena. Tano.

"Nilikosea jana," akajiambia.

Kesho yake akaenda, akarudi. Manne.

Kesho kutwa akaenda, akarudi. Matatu. Hapo hakujidanganya tena. Ganda hakuliona. Unyoya hakuuona. Lakini nyasi zilikuwa zimelazwa upande mmoja, na bado zina majimaji. Kuna mtu alikuwa amejilaza pale pale anapolala yeye.

Kishungi akaogopa kukaa, akaogopa kutoka. Akakaa. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Sauti ikaja.

"Binti, huendi kula?"

"Sina njaa, mjomba."

"Nenda ule."

"Sina njaa, mjomba."

"Nenda ule, binti."

Sauti haikuondoka. Mchana kutwa alisikia pumzi kwenye ufa. Hhhh. Hhhh. Inaingia, inatoka.

Siku ya tatu njaa ilimshinda. Pumzi haikusikika. Akachomoka, akanywa mafunda matatu, akarudi akiruka. Tengani palikuwa na yai moja.

Moja! Kutoka sita! Kishungi alilia, jamani. Alilia kuku anavyolia, kwa shingo nzima. Akakaa juu ya lile yai, akapaza sauti kumwita Bibi Koo. Bibi Koo akaja akipapasa ukuta.

"Kuna nini? Na mbona siku hizi tenga lako halisemi?"

"Tenga husema, bibi?"

"Majani ndiyo husema! Mtu akiyakanyaga wewe umetoka, nasikia mimi. Nikisikia napiga yowe. Jimbi, yule jogoo wetu, analipokea. Bi Mwanaheri anatoka na mchi. Ndiyo maana yametandikwa. Ulifikiri ni pambo? Nilikuwa nakwambia siku ile, ukakimbia."

Kishungi akainamisha kichwa. "Jirani aliniambia niyatoe. Alisema yana kelele."

"Jirani yupi?"

"Wa nyuma ya ukuta."

Bibi Koo akasema polepole, "Mjukuu wangu, nyuma ya ukuta huu hakuna anayekaa. Kuna kichuguu, na njia ya kwenda mtoni."

Kishungi alisikia baridi, na jua lilikuwa linachoma.

Wakafanya kazi bila kusema. Yale makavu bado yalikuwa nyuma ya kichanja. Wakayarudisha tengani, yote. Juu yake wakatandaza nyasi za mtoni, chache tu, za kufunika. Yai wakalitoa humo, tenga la kwanza, wakalihamishia polepole tenga la kati. Bibi Koo akarudi nje kwenye kivuli chake, akainamisha kichwa, masikio wazi. Kishungi akalifunika yai kwa kifua.

Jua likapanda. Likafika utosini.

"Binti," sauti ikaita. "Umekwenda kula?"

Kishungi hakujibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa na mkubwa asiitike.

Chini ya ukuta, penye giza, udongo ukamomonyoka. Kikatokea kichwa. Ulimi wenye ncha mbili ukatoka, ukaingia, ukatoka. Ikaja shingo. Zikaja kucha. Ukaja mwili, na mwili, na mwili tena, na mkia bado uko nje. Kenge! Kenge mwenyewe, mkubwa, tope limemganda mgongoni.

Kishungi akafungua mdomo apige yowe. Hakikutoka kitu. Bibi Koo yuko nje, haoni. Jimbi yuko jaani. Kenge akapanda kichanja. Akanyoosha mguu juu ya tenga la kwanza. Akaushusha.

Majani!

Chakara!

Bibi Koo hakusikia, mmejibu kama wagonjwa! Majani!

CHAKARA!

Hapo! Kenge akashtuka. Akautoa mguu. Chakara! Akageuka. Chakara-chakara! Na katika kugeuka, jicho lake likakutana na jicho la Kishungi kwenye tenga la kati.

"Binti," akasema. "Si nilikwambia uyatoe makavu?"

"Yumooo!" Bibi Koo akapiga yowe nje. "Yumo ndaniiii!"

"Kokorikooo!" Jimbi akalipokea.

Bi Mwanaheri akauacha mtama kinuni, akaja na mchi. Ti! ukapiga kichanja. Ti! ukapiga ukuta. Tih! ukampata Kenge mkiani. Kenge akajipenyeza shimoni, akaacha kipande cha mkia kikicheza chenyewe chini, pata, pata, pata. Akaenda mtoni. Bi Mwanaheri akaziba shimo kwa mawe, akakandika ufa kwa udongo.

Lile yai likaanguliwa. Kifaranga mmoja katika sita. Kishungi akamwita Mosi. Akampenda sana, na wale watano hakuwasahau hata siku moja. Na msidhani woga ulimwisha. Kivuli kikipita, bado alikuwa mbio. Tofauti ni kwamba sasa alikimbilia kwa Bibi Koo, na akifika alisimama akasikiliza mpaka mwisho.

Siku moja Mosi akajigeuza tengani, majani yakalia, akajificha ubawani mwa mama yake.

"Mama, haya majani yananitisha. Tuyatoe."

"Hata mimi yananitisha, mwanangu," akasema Kishungi. "Nani amekwambia tuyatoe?"

"Hakuna, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi lala. Siku ukiona yamenyamaza, niamshe."

Watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamkuogopa, shikeni hili. Kitu kinachopiga kelele kukulinda usikitoe kwa maneno ya mtu ambaye hujamwona uso. Na mkubwa akikuonya, msikilize hadi amalize, ndipo ukimbie.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya matandiko makavu. Anayeondoka aondoke kwa kukanyaga, nimsikie. Majani!