Mwaridi wa Bi Riziki

Paukwa!

Pakawa!

Aliye mbali asogee, anayesinzia ajifinye, maana hadithi hii siirudii.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakijibizana na watu, palikuwa na mjane jina lake Bi Riziki, na binti yake wa pekee, Mwanashee. Mwanashee alikuwa ameposwa. Basi katika mji wao, bi harusi hatoki ndani mpaka avikwe nyweleni waridi lililochanua uani kwa mama yake. La kununua halikubaliwi, la jirani halikubaliwi. Asiyekuwa nalo hungoja mwaka mwingine, na Bi Tatu, mama wa bwana harusi, hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa ameshaanza kuulizia binti wa mtaa wa pili.

Bi Riziki alikuwa na mwaridi mmoja tu, na kitawi chake aliletewa kutoka nchi ya mbali. Kwa kuwa umetoka mbali, aliupokea kama watu wa kwao wanavyompokea mgeni. Aliuwekea kivuli cha jamvi. Aliunywesha maji asubuhi, akaunywesha mchana, akaunywesha jioni. Kisu hakikuusogelea. Mwaridi ukanenepa, ukajaa majani, ukapita ukuta. Ua? Hata moja.

Jua likachungulia juu ya jamvi. "Bi Riziki, niruhusu niingie."

"Huyo ni mgeni wangu," akasema Bi Riziki. "Mgeni hasumbuliwi."

Akaja kuku. "Bi Riziki, udongo umeshikana na umeanza kunuka. Niruhusu nipekue kidogo."

"Huyo ni mgeni wangu. Mgeni hasumbuliwi."

Akaja mbuzi, tena bila hodi. "Bi Riziki, matawi yamezidi. Niruhusu niyapunguze."

"Wewe ndiyo kabisa," akasema Bi Riziki. "Mgeni hasumbuliwi, sembuse kutafunwa."

Harusi ikiwa imebakiza miezi miwili, Bi Riziki na bintiye walikwenda mazikoni ng'ambo ya mto, wakakawia. Huku nyuma mbuzi akalivuta jamvi, likaanguka. Jua likaingia. Kuku akapekua udongo wote. Kisha mbuzi akala, akala, akala. Bi Riziki aliporudi alikuta visiki vyenye miba, havifiki hata magotini.

Akashika mchi. Mbuzi akarudi nyuma kidogo, mdomo bado unatafuna.

"Umeniulia mgeni wangu," Bi Riziki akalia. "Na harusi ya mwanangu umeiua."

"Huyu ana miaka mingapi hapa, na bado mgeni?" akauliza mbuzi. "Unamlisha, unamfunika, kazi humpi. Ningekuwa mimi, ningechanua kwa shida gani? Sasa nimemfanya mtu wa nyumbani."

Bi Riziki akauacha mchi uanguke. Tangu siku hiyo hakuukaribia mwaridi, wala hakuusitiri na jua. Alikuwa amekata tamaa tu, msidhani ni busara. Mwanashee ndiye aliyeumwagilia, tena kidogo, udongo unapokauka.

Visiki vikatoa chipukizi jekundu, halafu jingine, halafu vikajaa. Yakaja matumba, lakini mkesha wa harusi yalikuwa bado yamefumba kabisa. Bi Riziki hakulala.

Asubuhi Bi Tatu na jamaa zake walikuwa wamekwisha kuketi barazani. Bi Riziki akafungua mlango wa uani huku amefumba macho, maana aliogopa kuona.

"Mama," akasema Mwanashee, "fumbua macho."

Maua yalikuwa mekundu ya kukolea, mengine yakiwa na manjano katikati, yamejaa hata majani hayaonekani. Bi Riziki akaketi pale pale sakafuni. Akashusha pumzi aliyoibana miezi yote ile, akasema alhamdulillahi, akalia kwa raha mpaka kanga ikalowa. Kisha akachukua kisu, na kwa mkono wake mwenyewe akakata.

Mwanashee akatoka, waridi nyweleni, vigelegele vikapigwa. Bi Tatu akapita uani, akausifu mwaridi, sauti yake imekuwa laini sasa.

"Bi mkwe mwenzangu, nipe kitawi na mimi. Nitakitunza vizuri, sitakubali kiguswe na mtu."

"Chukua, dada," akasema Bi Riziki. "Na mbuzi je, utaondoka naye leo au nikuletee kesho?"

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka zaidi akamuulize mbuzi.