Kwa Nini Mke wa Hondohondo Hukaa Nyuma ya Udongo

Mlinisikia jana nikimkanya Mwanaisha asichokoe kwa kijiti lile tundu lililozibwa, kwenye mti ulio karibu na machimbo yetu ya udongo. Akaninunia kutwa. Basi kaeni, vyungu bado vinakauka na hakuna wa kuvikimbiza. Nitawaeleza kuna nani mle ndani, halafu mseme wenyewe kama nilikuwa mkali bure.

Kale hiyo, ndege walipokuwa wakikaa kwa vyeo, mke wa hondohondo hakujifungia popote. Kiota chake kilikuwa wazi kwenye panda ya mti, kama cha njiwa. Jina lake Mwanamvua, na mumewe aliitwa Kibwana. Mwanamvua alikuwa mweusi mgongoni na mweupe tumboni, na mbawa zake zilipovuma angani waliokuwa chini waliinua vichwa. Mimi ningetosheka. Yeye hakutosheka.

Chanzo kilikuwa mkuyu wa Tai, ambao ulikuwa mmoja tu katika bonde zima. Tai, mkubwa wa ndege, alikuwa ameweka utaratibu wake: wenye rangi za fahari walikaa matawi ya juu, kwenye jua, ambako makuyu huiva yakawa mekundu. Wenye rangi za kawaida walikula chini yale yaliyodondoka, na nusu yake yalikuwa na wadudu. Kibwana alikula ya chini, akashiba, akasinzia. Mkewe alikula huku ametazama juu.

Siwezi kumlaumu sana. Anayekula makombo chini ya mwenye karamu ana njaa mbili, na ya pili haishibishwi na makombo.

Siku hizo Kwezi alikuwa fundi wa kutia rangi. Alichemsha majani na magome mpaka akapata buluu inayometa, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mwanamvua alipomwendea, Kwezi alimwambia kwamba rangi ile hushika ikiwa ya moto, kwa hiyo unyoya lazima uingie chunguni bila mwenyewe. Baadaye angemrudishia manyoya mahali pake kwa utomvu wa mti.

Sasa, ndege wana desturi yao. Hunyonyoka unyoya mmoja mmoja. Wa zamani huanguka, mpya huchipua, ndipo unaofuata huachiwa, ili mwenyewe asikose wa kurukia. Kibwana alimkumbusha mkewe.

"Mpe mmoja mmoja, mke wangu. Na usisahau una mayai tumboni."

"Mmoja mmoja nitakuwa madoadoa kama kanga, wanicheke. Ni siku tatu tu, mume wangu. Watoto wetu wataanguliwa karibu na makuyu mekundu. Wewe hutaki?"

Kibwana alitaka. Mzazi gani asingetaka? Akanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikokuwa kosa lake.

Mwanamvua akajinyonyoa manyoya yote ya mbawa na ya mkia. Kwezi akachemsha, akayaanika juu ya jiwe, na kwa kweli yalipendeza. Yalimeta jiwe zima. Mwanamvua alisimama pembeni, mwili wazi, akacheka kwa furaha mpaka akakaa chini. Mchana chamchela ikapita. Ilizoa vumbi, ikazoa majani makavu, ikazoa na manyoya. Kwezi aliikimbiza mpaka ng'ambo ya mto, akarudi na unyoya mmoja uliovunjika. Yeye pia alilia. Rangi iliyobaki chunguni, ilipopoa, aliona uchungu kuimwaga akaioga mwenyewe, ndiyo maana hata leo kwezi anameta akiwa juani, na kivulini ni mweusi kama chungu changu cha maharage.

Mwanamvua akabaki ardhini, na mayai yamekaribia. Kiota kilikuwa juu asikoweza kufika. Kibwana alijaribu kumbeba, wakaanguka wote wawili. Nguchiro, mla mayai, alikuwa ameshapita mara mbili akinusa. Mwishowe waliona mti wenye tundu, na tawi kavu lililouegemea. Mwanamvua alipanda kwa mdomo na kucha, hatua kwa hatua, akajiingiza ndani.

Ndege wakaja kutazama. Hata wale wa matawi ya juu walishuka, wao ambao hawakuwahi kushuka kwa ajili ya mtu.

"Nilitamani wanione," Mwanamvua alisema, "na sasa wananiona. Niletee udongo, mume wangu."

Kibwana alileta udongo wa mtoni, donge kwa donge. Mkewe aliukandika kwa ndani, akiusawazisha kwa ubavu wa mdomo kama mimi ninavyosawazisha chungu kwa gunzi. Alitaka kuziba pote. Mumewe akamsihi aache ufa mwembamba, walau apate kula. Jioni nguchiro akaja, akaparua, lakini udongo ulikuwa umeshashika, akaenda zake. Ukuta uliojengwa kwa aibu ndio uliookoa mayai.

Lakini makuyu ya chini hayamtoshi mwenye kuatamia. Mwanamvua alikonda, na sauti yake kwenye ufa ikawa ndogo. Siku ya nne Kibwana aliruka mpaka tawi la juu kabisa la mkuyu, akatua katikati ya wakubwa.

Tai akamwuliza, "Hondohondo, hapa ni mahali pako?"

"Najua si pangu, Mkubwa. Mke wangu yuko ndani ya mti, hana unyoya wa kurukia, na ana mayai chini yake. Nimeona aibu tangu juzi. Leo aibu imeisha."

Tai alikuwa na watoto yeye pia. "Chuma," akasema. Na hakuna aliyeulizwa rangi yake tena kwenye mti ule.

Kibwana akapeleka kuyu jekundu, akalipenyeza kwenye ufa. "Hili ni la juu," akamwambia.

Mwanamvua alilishika kwa muda. "Hata wekundu wake siuoni humu," akasema. Kisha akalila huku analia, na alipomaliza akasema ni tamu kama alivyodhani. Kibwana akarudi mkuyuni kuleta jingine.

Watoto walianguliwa, na manyoya ya mama yakaota mle mle gizani. Siku aliyobomoa ukuta alitoka na weusi wake mgongoni na weupe wake tumboni, vilevile. Alisimama kichwa chini akingoja kuambiwa. Kibwana hakumwambia "nilikuonya". Alisema, "Ruka basi. Nimezikumbuka hizo mbawa zikivuma."

Na tangu siku hiyo, kila msimu wa kutaga, mke wa hondohondo huingia ndani ya mti akajizibia kwa udongo, akaacha ufa wa kupitishia mdomo. Mumewe humlisha mpaka atoke, na akifa mume njiani, wa ndani wana hali ngumu. Na mle ndani hunyonyoka manyoya ya kurukia kwa mkupuo, si moja moja kama ndege wenzake. Wengine husema ni mazoea tu. Mimi nadhani kila mwaka, kule gizani, bado anatumaini kidogo kwamba yataota ya buluu. Huota meusi na meupe, naye hutoka, na maisha huendelea.

Kwa hiyo, Mwanaisha mwanangu, acha kununa. Mle ndani kuna mtu aliyekosea, akajisitiri, na mwenzake amekwenda kumtafutia la kula. Kijiti chako kingemvua nguo mara ya pili.