Mfumo Mpya wa Kisima cha Simba

Sogeeni karibu, na mwenye mdomo mrefu aukunje kwanza. Mwaka huo mvua ilichukua likizo bila kumuaga mtu. Mto ukabaki mchanga, mchanga ukawa vumbi, na nyika nzima ikategemea kisima kimoja kirefu, chenye pampu ya umeme wa jua na kompyuta moja kuukuu iliyowekwa kwenye kibanda cha mabati.

Kompyuta ile ilikohoa kabla ya kuwaka, lakini kazi yake iliijua. Mnyama alikanyaga sahani ya chuma, mashine ikamtambua kwa uzito na unyayo wake, pampu ikamtolea haki yake: Panya kikombe, Pundamilia ndoo, Tembo pipa. Hakuna kusukumana, hakuna "unanijua mimi nani?"

Aliyeiangalia mashine hiyo alikuwa Sungura. Sungura alikuwa na digrii ya kompyuta, masikio mawili marefu, na ajira sifuri. Aliomba kazi ya ufundi wa kisima mara tatu. Mara zote tatu Simba, bwana wa nyika, alimjibu kwa barua ileile: tunahitaji mwenye uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu aupate wapi kama hapewi kazi? Adondoshewe kutoka mawinguni, wakati hata mvua haidondoki? Basi akaambiwa ajitolee. Akajitolea mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Malipo yake yalikuwa vikombe viwili vya maji kwa siku na "Mungu atakulipa."

Shingoni alining'iniza flashi kwa kamba ya katani. Chuoni, kompyuta ilimfia na tasnifu yake wiki moja kabla ya kuikabidhi, akaiandika upya huku analia. Tangu siku hiyo kila kitu alikinakili mara mbili, hata mfumo mzima wa kisima. Wanyama walimcheka. "Sungura na hirizi yake!"

Siku moja akatokea Fisi, amefunga tai shingoni, begi begani, tumbo mbele.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba," alisema Simba, akiendelea kulamba ukucha wake.

"Nimepita kisimani, nikaona aibu. Sorry to say, Mkuu, mashine yako bado inatumia mfumo wa zamani! Mwenzako, Simba wa ng'ambo, amehamia mfumo mpya zamani sana. Kioo kinang'aa, akikaribia tu kinamsalimia."

Ulimi wa Simba ukasimama. "Kinamsalimia?"

"Kwa cheo. 'Karibu, Mtukufu.'"

Sungura akaitwa mbio mbio.

"Wewe, kwa nini mashine yangu hainisalimii?"

"Inatoa maji, Mkuu. Haijapata nafasi ya salamu."

"Usinijibu kisomi!"

Sungura akameza mate, yale machache yaliyokuwepo. "Mkuu, sikatai. Mfumo huu umezeeka. Waliouunda wameacha kuutunza, na ipo siku virusi wataingia bila hodi. Kuhama tutahama. Lakini pampu hii ni ya zamani kuliko hata mashine, hatujui kama itaelewana na mfumo mpya. Tuwaandikie waliotengeneza pampu. Tujaribu kwanza kwenye mashine nyingine. Na tungoje mvua. Mvua ikinyesha, hata mashine ikilala wiki nzima, hakuna atakayekufa kiu."

Fisi akacheka kile kicheko chake cha kukera. "Unaona, Mkuu? Wasomi wa siku hizi! Kazi hawana, maneno wanayo. Full uoga."

"Wewe una uzoefu wa miaka mingapi?" Simba alimuuliza Fisi.

"Kumi na miwili."

Uzoefu wa nini, hakuna aliyeuliza.

Kesho yake Fisi akauweka mfumo mpya. Kioo kikaleta masharti ya matumizi, kurasa arobaini, maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Sungura alianza kusoma kwa sauti. Kabla hajamaliza mstari wa pili, Simba alinyoosha mkono wake mnene na kubonyeza "Nakubali."

"Mimi sisomi," alisema. "Mimi nasomewa, na leo sina muda."

Kioo kikang'aa. "Karibu, Mtukufu," kikasema. Simba akatoka, akaingia tena. "Karibu, Mtukufu." Akatoka na kuingia mara tisa, wanyama wakipiga makofi kwa woga.

Kisha Bi Ngiri, mama wa watoto watano, akakanyaga sahani ya chuma. Kioo kikaandika: "Kifaa hakitambuliki."

"Nani kifaa?" aliuliza Bi Ngiri. "Mimi mtu mzima nina watoto, naitwa kifaa?"

"Ni pampu, Bi Ngiri," alisema Sungura kwa sauti ya chini. "Mfumo hauioni pampu."

Fisi hakutikisika hata unywele. "Kawaida hiyo. System inajizoesha. Kwa sasa pampu itawashwa kwa mkono, na mkono wenyewe lazima uwe wa mtaalamu. Kila asubuhi nitawasha. Anayetaka ndoo aje na mfupa mmoja. Wa kuendeshea huduma."

Sungura akatolewa kibandani, na vikombe vyake viwili vikafutwa. Ndani ya siku tano nyika nzima ilikuwa inazunguka juani kutafuta mifupa. Pundamilia, ambaye maisha yake yote alikula majani, alirudi na ubavu aliodhani ni wa shangazi yake. Fisi alikuwa akinywa birika la kwanza peke yake, akaoga la pili, kisha wengine wakafuata. Siku ya sita, mtoto wa mwisho wa Bi Ngiri alianguka njiani, ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma. Sungura aliwahi kuficha kikombe kimoja cha maji nyuma ya kichuguu. Alimnywesha chote, akabaki kulamba kikombe.

Wanyama wakaanza kunung'unika, na manung'uniko yakafika kwa Simba. Fisi naye akafika mapema zaidi.

"Ni Sungura, Mkuu. Anaihujumu system. Wivu wa ajira."

Simba akamwita Sungura. "Jumamosi anakuja mgeni wangu, Simba wa ng'ambo. Nimemtumia ujumbe kwamba kisima changu ni cha kisasa kuliko chake. Maji yasipotoka yenyewe mbele yake, mchana tutakula mchuzi. Wa sungura."

"Basi turudishe mfumo wa zamani, Mkuu. Ninao hapa shingoni."

"Nirudi nyuma? Mimi?" Manyoya ya shingo yakasimama. "Simba harudi nyuma!"

Sungura aliondoka. Kuurudisha mfumo ilikuwa kazi ya mtoto. Kazi ilikuwa kumrudisha Simba nyuma huku akidhani anakwenda mbele. Akakaa chini, akafikiri mpaka masikio yakapata moto. Halafu akacheka.

Ijumaa saa saba mchana, jua likichemsha hata mawe, Fisi alilala mlangoni mwa kibanda, tumbo limejaa uboho. Sungura akapenya kwenye bati lililolegea upande wa nyuma. Akachomeka flashi. Dakika arobaini alisikiliza Fisi akikoroma na mashine ikikohoa, na kila Fisi alipogeuka, moyo wa Sungura uligeuka naye. Mfumo wa zamani ukarudi kama ulivyokuwa. Akabadilisha rangi, akaweka picha ya Simba kioo kizima, upande wake wenye manyoya mengi. Mwisho akaandika salamu: "Karibu, Mtukufu, Bwana wa Mabwana." Salamu hiyo ilimchukua dakika mbili. Dakika mbili tu! Nyika nzima imekauka koo kwa kazi ya dakika mbili.

Jumamosi Simba wa ng'ambo akafika, amekonda, midomo imepasuka. Fisi alipomwona alijisogeza taratibu nyuma ya Tembo. Bi Ngiri akasukumwa mbele. Akakanyaga sahani huku amefumba macho.

"Karibu, Mtukufu, Bwana wa Mabwana," kioo kikamwambia Simba aliyesimama kando, na maji yakatoka shwaaa.

Wanyama wakapiga kelele. Simba akaitazama picha yake mpaka akasahau kupumua.

"Ajabu," alisema mgeni. "Changu kinasalimia vizuri sana, lakini tangu kihamie mfumo mpya pampu imekufa. Nimekuja kwa miguu kujua wewe umefanyaje. Fundi wako ni nani?"

Simba hakujua, na kusema hajui hakuweza. "Aliyefanya kazi hii ajitokeze," alinguruma. "Nyonga nzima ya nyati ni yake!"

Miaka mitatu Sungura alikuwa akiisubiri sentensi hiyo. Si kwa ajili ya nyonga, nyonga angeipeleka wapi? Alitaka tu mtu aseme jina lake. Akauma ulimi, akainama. "Mimi sijui, Mkuu. Mimi najitolea tu."

Nyuma ya Tembo, mate yalianza kudondoka. Yalidondoka kabla akili haijafika.

"Ni mimi!" Fisi aliruka. "Toleo langu maalumu, Mkuu! Exclusive!"

"Umelipata lini?" Sungura aliuliza kwa upole.

"Lini? Ninalo tangu siku ya kwanza! Mtaalamu hakosi kitu kwenye begi lake."

Bi Ngiri akageuka kutoka kwenye maji.

"Tangu siku ya kwanza," alirudia Bi Ngiri. "Na mwanangu akaanguka njiani nikitafuta mfupa."

"Na mimi," alisema mgeni, akimsogelea Fisi, "mtu mwenye tai kama hii nimemlisha mifupa mwezi mzima, akiniambia system inajizoesha."

Fisi akatazama kushoto, simba. Akatazama kulia, simba mwingine. Tai ikambana.

Hawakumla, nyama yake haina mpenzi. Walimpa kamba na ndoo, akawa anavuta maji kwa mkono kutoka kisima kilekile kirefu, kuwajazia birika wazee na wenye watoto, kila asubuhi mpaka mvua ilipoanguka. Tai ile aliivaa Panya kama mkanda. Simba wa ng'ambo alirudi kwake na nakala ya mfumo wa zamani na maelekezo ya ukurasa mmoja.

Jioni Sungura alimnong'oneza Simba ukweli wote. Simba akaitazama picha yake kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Nilijua," akasema.

Mvua ilipokuja, Sungura aliwaandikia waliotengeneza pampu, wakamtumia programu ya kuiunganisha na mfumo mpya. Akaijaribu kwenye mashine nyingine, akanakili kila kitu mara mbili, ndipo akahama. Mashine ililala siku nne, haisemi wala haisikii. Hakuna aliyegundua, maana kila mnyama alikuwa kwenye dimbwi lake. Siku ya tano ikaamka, ikamtambua hata Panya. Tangu hapo, kila anayekuja kisimani na kitu kipya huulizwa na Bi Ngiri swali moja tu: "Kinatoa maji?"

Kuhusu ajira, Simba alimwandikia Sungura barua nzuri ya pongezi: uzoefu wako umefika miaka mitatu, bado miwili.

Sungura aliikunja barua, akamkaribisha Simba kibandani kuzindua mfumo. Kioo kikaleta masharti ya matumizi, kurasa arobaini, maandishi madogo kama mayai ya sisimizi.

"Nikusomee, Mkuu?"

"Sina muda," alisema Simba, akabonyeza "Nakubali."

Ukurasa wa thelathini na tisa, mstari wa nne, ulisema fundi wa kisima ataajiriwa kuanzia leo, na miaka yake ya kujitolea italipwa yote, vikombe kwa vikombe.