Chai Ndani ya Amplifaya

Anayeficha tupu yake hata mbele ya mkunga asitarajie kupakata mtoto. Wahenga walilisema hilo bila haya. Ukimficha aibu yako mtu awezaye kukusaidia, umejinyima msaada kwa mikono yako mwenyewe.

Mzee Kho Bun-hiong wa Tainan alikuwa bingwa wa michezo ya vikaragosi. Majemadari, mabinti na mapepo, wote aliwasemea yeye, kupitia amplifaya, mashine kuukuu ya kukuza sauti aliyoirithi kwa babake. Sikukuu ya mungu wa hekalu la mtaani ilikuwa imekaribia, na kamati ilikwisha kumwambia wazi: sauti ikikatika tena, jukwaa litapewa kundi jingine.

Nayo sauti ilikatika. Asubuhi mashine iliimba kama chiriku. Jioni, hewa ikiingia unyevu, ilikoroma kama nguruwe. Bun-hiong akaipeleka kwa Siok-hun, fundi wa vyombo vya zamani, mama asiyependa porojo.

"Imeingiwa na nini?" Siok-hun aliuliza.

"Vumbi tu, dada. Vumbi la miaka."

Siok-hun aliifungua, akaisugua bodi ya vipuri kwa brashi na spiriti hadi ikang'aa kama sahani ya bi harusi. Jioni hiyo hiyo jemadari alipofungua kinywa mazoezini, ulitoka mkoromo.

"Pakiti imepitwa na muda!" mke wa mzee, A-kim, alimaka. Alimaanisha pakiti ya kijani ya bisi za mahindi, ambayo, kwa imani ya wenyeji, kila mashine mjini hubebeshwa kichwani ili iwe na adabu. "Mashine imenuna!" Akanunua nyingine, mpya. Mkoromo ukazidi.

Mashine ikarudi kwa fundi. Alipima, akabadilisha vipuri, akasugua tena. Mchana ilipona, jioni ikaugua. Siok-hun aliona mauzauza. Asubuhi moja, mzee na mkewe wakiwa wamesimama mbele yake, sisimizi wakachomoza chini ya bodi, mmoja nyuma ya mwingine.

"Mzee, siku hizi sisimizi wanakula vumbi?"

"Labda wamefuata ile pakiti."

Siok-hun akaigeuza pakiti. "Haina hata tundu la sindano. Nisikilize. Uchafu si wa aina moja. Kuna unaotoka kwa spiriti, kuna wa siki, kuna wa maji. Nikikosea dawa, nautandaza ugonjwa tu. Humu kuna nini?"

Simu ya mzee ikalia: kamati ilitaka kuijaribu sauti jioni hiyo hiyo. Akamgeukia mkewe.

"A-kim, hebu nenda katununulie maandazi."

"Siendi popote. Sema."

"Chai," mzee alisema, macho chini. "Chai baridi, yenye sukari tele, kama tunywavyo sisi wa Tainan. Nilisinzia mazoezini, kikombe kizima kikamwagikia kwenye matundu ya juu."

"Wewe!" A-kim alishika kiuno. "Wewe uliyemtimua mdogo wako kundini kwa kuweka chupa ya soda juu ya mashine?"

"Sasa ningesemaje?"

Siok-hun hakungoja ugomvi uishe. Alikwisha kuifungua bodi na kuibeba hadi kwenye karai la maji.

"Maji? Dada, unaiua!"

"Wewe ndiye uliyekuwa unaiua. Spiriti haiyeyushi sukari. Mimi nang'arisha juu, sukari imelala chini ya vipuri, na jioni inakunywa unyevu. Tulia."

Aliiosha kwa maji ya vuguvugu yasiyo na chumvi, akipenyeza brashi katika kila upenyo. Maji yakageuka rangi ya chai. Akarudia mpaka yakawa meupe, akafukuza maji kwa spiriti, kisha akaiweka bodi mbele ya feni hadi ikakauka kabisa.

Jioni, hekaluni, hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. A-kim alimshikilia jemadari kifuani, akakataa kumtoa mpaka mumewe ampigie mdogo wake simu na kumwomba radhi. Mzee akapiga. Ndipo jemadari akapanda jukwaani, akanguruma. Sauti ilitoka safi, kali, bila kikwaruzo, na mwenyekiti wa kamati akampungia mkono aendelee.

Siku ya kwanza tu, neno moja lingetosha. Lakini mzee alilibana kinywani mpaka jukwaa likakaribia kumponyoka. Mficha uchi hazai.